Mchele Ndani ya Kopo la Baruti

Kila baada ya muda huniandikia kijana akitaka namba. Hasalimu. Anataja bunduki yake, aina ya baruti, uzito wa risasi, kisha anauliza atie kiasi gani. Simpi. Wengine hudhani nina siri ninayoilinda, kama wapishi wa pilau wanaofukuza watu jikoni wakati wa kutia viungo. Sina siri. Namba zimo kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, ya kuanzia na ya mwisho, na kitabu chenyewe hakizidi bei ya raba za mtoto. Nilicho nacho mimi ni kisa cha watu watatu waliokuwa na namba sahihi, mizani sahihi na kitabu sahihi, na bado mmoja wao akapoteza jicho.

Nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu kosa lenyewe ni la kwetu. Mwingereza asingelifanya hata angejitahidi. Ninyi mliozaliwa hapa London, mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, mwombeni mama awasomee.

Nimestaafu kazi hii kabla ya kufika miaka arobaini. Najua inawachekesha, maana mstaafu mnayemjua ana pensheni na bakora. Lakini kazi ikikufia mikononi, na huna hamu ya kuifufua, utaiitaje?

Kwa asiyejua, kazi ilikuwa kujaza risasi kwa mkono. Ganda la shaba likishapigwa halitupwi. Unalisafisha, unatia kitakoni fataki mpya, kile kidude kinachowasha baruti, unapima baruti, unaimimina, kisha unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni. Wanaofanya hivyo ni wawindaji wa paa na wapiga shabaha wa masafa marefu, watu wenye vyeti vya polisi na makabati ya chuma, ambao risasi ya dukani haiwatoshi. Wanataka kila risasi iwe pacha wa mwenzake.

Mimi nilitoka Unguja nikiwa msichana, kuja kusoma kemia. Nilipata shahada, nikapata na barua nyingi za kunikatalia kazi, zote zikinitakia heri. Ami yangu wa Hounslow, mmoja wa wale walioondoka nyumbani baada ya Mapinduzi, alikuwa akishonesha suruali zake kwa fundi cherehani wa Southall, na nyuma ya duka la fundi huyo palikuwa na karakana ya bunduki. Mwenye karakana alikuwa anatafuta mtu mwenye macho mazuri na mkono usiotetemeka. Ami akanisifia vyote viwili, ingawa mkono wangu hajawahi kuuchunguza.

Mwenye karakana alikuwa Fundi Gurdev, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru na kufundishwa kazi na mjomba wake Mombasa, enzi za wawindaji wa kizungu. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha haraka, hakina muda wa ngeli. Siku ya kwanza alinipangia maganda mezani, akaniambia nimwonyeshe lililo baya. Nikamuuliza baya kwa kipimo kipi.

"Wewe maswali mingi," alisema. "Sawa. Uliza. Lakini mkono iendelee kufanya kazi."

Tuliishi hivyo. Nilimuuliza sababu ya kila sheria yake, naye karibu kila mara alikuwa nayo.

Sheria ya kwanza ilikuwa kopo moja tu la baruti mezani. Mengine yote yabaki yamefungiwa. Nilimwambia macho ninayo, siwezi kuchanganya. Akamimina baruti mbili kwenye visahani viwili vyeupe, moja ya kuwaka upesi na moja ya kuwaka polepole, akaniuliza ipi ni ipi. Zote zilikuwa chembe za kijivu. Nilizisogeza dirishani, nikazinusa. Sikujua.

"Na mimi pia sijui," alisema. "Nimesahau nilimwaga gani wapi. Ndiyo sababu."

Visahani vyote viwili vikaenda kwenye mawaridi ya mkewe, kwani baruti isiyojulikana hairudi koponi. Ina naitrojeni, na mimea inaipenda. Mawaridi yale yalikuwa ghali kuliko yote Southall. Nilimwona akimwaga kopo karibu zima kwa sababu tu karatasi ya jina ilikuwa imebanduka, na roho iliniuma. Kumbukeni tulivyolelewa. Kwetu chombo hakisemi ukweli. Kopo la biskuti lina sindano na nyuzi, na la aiskrimu lina maharage yaliyogandishwa. Kwenye kazi hii, baruti ikae ndani ya kopo ililozaliwa nalo mpaka iishe. Ukiwa na shaka, pelekea mawaridi.

Sheria nyingine ilikuwa ya tochi. Ukishamimina baruti katika trei nzima ya maganda, unapita na tochi ukitazama ndani ya kila moja kabla ya kuweka kichwa chochote cha risasi. Kimo cha baruti kiwe sawa kote. Palikuwa na mteja mmoja wa Hounslow, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, ambaye hawezi kunyamaza. Alijazia risasi kwetu huku akibishana juu ya mpira, na tochi ikakuta ganda moja lina baruti mara mbili na la jirani yake halina kitu. Alifurahi juu ya lile tupu, akasema angalau hilo halina madhara. Fundi alimweleza kwamba fataki peke yake huisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu na kuiacha hapo, na inayofuata inapigwa ikiwa njia imezibwa. Tangu siku hiyo mazungumzo ya mpira yalifanyika nje, na simu ikilia, trei yote inaanzwa upya.

Kuhusu namba alikuwa na sentensi moja tu: ya chini ni mlango, ya juu ni ukuta. Unaingia mlangoni, unapanda kidogo kidogo, na kila hatua unatazama maganda yaliyopigwa. Komeo la bunduki likiwa zito kufunguka, fataki ikitoka imelala bapa kama sarafu, au kitako cha ganda kikiwa na alama inayong'aa, nguvu ndani ya ganda imezidi, unasimama. Hupigi iliyobaki. Unazivunja zote, hata kama kitabu kinasema bado hujafika ukutani. Kitabu hakijawahi kuiona bunduki yako.

Sheria mbili tu zilikosa sababu. Moja ilikuwa marufuku ya kupiga mluzi karakanani. Niliuliza kwa nini. "Mjomba wangu alikataza," alisema, na hapo ndipo ushahidi ulipoishia. Nilipiga mluzi alipotoka na hakuna kilicholipuka.

Ya pili ilikuwa mchele. Ndani ya kila kopo la baruti Fundi aliweka kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa kidogo, wa kunyonya unyevu, na aliwaambia wateja wake wafanye hivyo hivyo. Nayo aliirithi kwa mjomba, Mombasa. Nilipouliza, alinijibu kwa swali.

"Chumvi ya nyanya yako ilikuwa na nini ndani?"

Punje za mchele, bila shaka. Chumvi ya Unguja bila mchele ni tope. Nikaendelea kushona vifuko.

Sasa mjue Sista Wambui. Alikuwa Mkenya, nesi aliyestaafu, mwenye fleti Lewisham, karibu na soko. Alianza kupiga shabaha akiwa na zaidi ya miaka hamsini, na akawa bora kuliko wanaume wengi waliokuja kwetu, kwani miaka ya kuchoma watoto sindano ilikuwa imemfundisha kutopumua kwa wakati unaofaa. Alijaza risasi zake mwenyewe jinsi alivyokuwa akitayarisha dawa wodini, taratibu, bila redio. Fundi alimpenda kwa hilo. Alisema laiti wateja wote wangekuwa manesi.

Kiangazi kimoja alikuja na bunduki yake, mizani, risasi alizokuwa bado hajazipiga na pochi ya maganda yaliyopigwa, akayamwaga maganda mezani.

"Fundi, hii bunduki imeanza kiburi," alisema. "Komeo haitaki kufunguka. Naigonga na kiganja kama mlango ya jirani."

Niliyatazama. Fataki zilikuwa bapa kabisa. Tulimuuliza anajaza kiasi gani, akatutajia, na kilikuwa karibu na ukuta lakini ndani yake, kiasi kile kile alichotumia mwaka uliopita bila shida. Tulivunja risasi mojawapo ambayo haijapigwa na kupima baruti yake. Sawasawa. Tulikagua mizani yake kwa mawe ya kupimia. Sawasawa. Bunduki ilikuwa safi. Fundi alishika kidevu, akasema labda maganda yamechoka.

Nikamuuliza Sista baruti anaiweka wapi.

Fleti yake, alisema, ina unyevu mbaya. Nyuma ya kabati la nguo ukuta una ukungu mweusi, na baraza la manispaa linatuma watu wa kuutazama tu. Basi sanduku la baruti alilihamishia kwenye kabati la boila, mtambo wa kupashia maji moto, pakavu kuliko kote nyumbani. Na mchele anaubadilisha kila Jumapili akitoka kanisani, anaukaanga upya, anautia ukiwa mkavu kabisa.

"Fundi alisema ubadilishwe ukilainika," alieleza. "Lakini mimi singoji ulainike."

Alisema hayo kwa fahari ya mtu anayetunza vitu vyake. Mnaona? Hakuna mzembe katika kisa hiki.

Sikuwa na uhakika, niliuliza tu. Niliwaambia wafikirie kuni. Pima mzigo wa kuni mbichi, pima mzigo wa kuni kavu wenye uzito ule ule, halafu washa. Utapata mioto miwili tofauti. Je, kama baruti hutoka kiwandani na unyevu kidogo ndani yake, na aliyeandika kitabu aliipima ikiwa nao? Sista akiutoa unyevu ule, mzani utasoma namba ile ile, lakini kilicho ndani ya ganda si kile cha kitabuni. Kitawaka upesi zaidi.

"Baruti kavu ni baruti mzuri," Fundi alisema.

"Kavu kiasi gani, Fundi?"

"Kavu. Hata mtoto anajua."

Nilimwambia Mombasa huenda mchele haukuwahi kumaliza kazi. Bahari ilirudisha jioni kila ulichonyonya asubuhi. Mchele wa pwani ulitoka sare. Hapa, juu ya boila, hauna mpinzani. Sista aliacha kukusanya maganda yake, akatutazama kwa zamu. Fundi alikwenda kunoa patasi ambayo haikuwa butu.

Baadaye nilimwelewa. Hakuwa akimtetea mjomba wala mchele. Alikuwa amewaambia maneno yale wateja wote, miaka yote, Southall, Hounslow, mpaka wakulima wa huko nje ya mji. Kama nilichosema ni kweli, basi kila mmoja wao alikuwa na kopo kabatini, linazidi kukauka, na aliyeliweka hapo ni yeye.

Jumamosi tulikwenda uwanja wa shabaha, Surrey, sisi watatu. Fundi alitaka kupiga risasi za Sista kwa bunduki yake mwenyewe, ili tumalize ubishi. Sista alimwomba aache. Alisema yuko tayari kuzivunja zote na kununua baruti mpya, hana haraka ya kitu chochote duniani.

"Sista, mimi nimeambia watu," alisema Fundi. "Lazima nijue."

Palikuwa na manyunyu. Miwani yake ya kinga ilijaa maji, akaivua, akaifuta kwa shati, ikajaa tena, mwishowe akaitundika kifuani. Nilimwambia aivae. Alisema haoni shabaha. Alilala chini, akapiga.

Komeo lilikataa kufunguka. Aliligonga kwa kiganja, likafunguka, na ganda likaanguka kwenye nyasi. Sote watatu tuliliona. Ile ndiyo alama aliyonifundisha yeye mwenyewe, aliyomfundisha kila mtu: hapo unasimama.

"Basi, Fundi," nilisema. "Umeshajua."

Alitia nyingine.

Msifikirie mlipuko wa sinema. Mlio ulikuwa wa kawaida kabisa. Jirani yetu kwenye mkeka wa pili hakugeuka. Fataki ilitoboka, na moto wa ndani ukapata njia ya kurudi nyuma, kwenye uso uliokuwa hauna kitu. Fundi hakupiga kelele. Aliiweka bunduki chini taratibu, mtutu ukielekea shabaha, kama sheria inavyotaka, ndipo akapeleka mkono jichoni.

Sista alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alimlaza chali, akaushika mkono ule usisugue, akanituma chupa za maji, akamimina na kumimina huku akimsemesha kwa sauti ya wodini. Alimwita baba. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo kabla.

Jicho la kulia halikupona. Kwa fundi wa bunduki, hilo ndilo jicho la kazi.

Nilikwenda kumwona wodini. Alikuwa ameketi kitandani bila kilemba chake cha kawaida, ana kitambaa chepesi tu kichwani juu ya bandeji, na alionekana mdogo. Aliniambia daktari ni kijana mzuri, chai ni mbaya. Kisha akasema bunduki yake ilikuwa nzee, komeo lilikuwa limelika, ndiyo sababu. Nilikuwa nimelikagua komeo lile asubuhi hiyo na halikuwa na kasoro. Sikumwambia. Nilikaa.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akisikiliza kriketi.

"Yule wa Hounslow," alisema mwishowe. "Wa mpira. Aliweka mchele?"

"Aliweka. Nilimshonea kifuko mimi."

"Na wale ndugu wawili wa shamba?"

"Nao pia."

Alihesabu wengine kimoyomoyo. Nilimwona akikunja vidole. Msimu wa paa ulikuwa unakaribia. Wangefungua makabati yao, wangepima namba ile ile ya mwaka jana kwa uangalifu wote, kwa tochi, kopo moja mezani, kama alivyowafundisha.

Katika miaka yote niliyofanya kazi kwake, mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza. Siku ile aliniuliza yeye, akiniita binti yangu kwa Kipunjabi.

"Beti, baruti ni ghali. Hawa si watu tajiri. Tukiwaambia wapunguze. Wewe umesoma kemia. Wapunguze kiasi gani?"

Ningeweza kumtajia kitu. Shahada ninayo, na mtu aliye kwenye bandeji akikuomba namba, mdomo unataka kumpa. Lakini kopo la Hounslow lilikaa wapi? La wale ndugu lilifunguliwa mara ngapi, mchele ulibadilishwa lini, na nani? Kila kopo lilikuwa limekauka kivyake, na hakuna kitabu kilichopima hata moja.

"Sijui, Fundi," nilisema. "Hakuna anayejua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepima kitu mara ya pili na kupata jibu lile lile.

"Basi wamwage."

Nilimwambia nitawapigia mimi, nitasema ni ushauri mpya wa watengenezaji, jina lake lisiingie. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba mteja akisikia fundi alimdanganya juu ya baruti, hata bila kukusudia, hamletei tena bunduki. Na hawakuleta. Karakana ilifungwa kabla ya msimu kwisha. Nilifagia mimi, na hata mluzi haukunijia.

Lakini hakukubali niwapigie mimi. Alinyoosha mkono akaomba simu yake, na kwa kuwa jicho lililobaki lilikuwa linatoa machozi na hasomi vizuri, alinitaka nimtafutie jina la kwanza. Nikampa wa Hounslow. Ilipopokelewa nilimsikia mtu yule upande wa pili akianza kuuliza hali, kwa maneno mengi kama kawaida yake. Fundi alimwacha amalize.

"Sikiliza," alisema. "Ile mchele niliambia wewe uweke. Ni mimi nilikosea. Peleka baruti yote kwa mawaridi."